KURUDISHIWA DAMU USONI: TIBA AU KUBADILI UMBILE?

 

Katika darsa za akina mama hapa Olasiti limezuka swali ambalo miaka michache iliyopita hakuna aliyelifikiria. Ipo tiba ya uso ambayo mtu hutolewa damu mkononi, damu hiyo ikazungushwa katika mashine, kisha sehemu yake ikarudishwa usoni kwa sindano. Matangazo yake yanaingia katika simu za mabinti zetu, yakiahidi kufuta makovu ya chunusi, madoa na makunyanzi. Mama mmoja alitaka kujua kama anaruhusiwa kumlipia bintiye, ambaye uso wake umeharibiwa na mkorogo na harusi yake imekaribia. Wapo waliomjibu papo hapo kuwa ni haramu kwa sababu ni damu, na wapo waliosema ni halali kwa sababu ni damu yake mwenyewe. Sisi tunaona kuwa majibu yote mawili yametolewa kabla jambo lenyewe halijafahamika, ilhali wanazuoni wa usuli wametufundisha kuwa hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu.

Katika damu ya mwanadamu zimo chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Hizo ndizo zinazogandisha damu mtu anapojikata, na ndizo zinazotoa vichocheo vya kuponya kidonda. Mtoa huduma huchukua mililita kumi, ishirini au zaidi za damu na kuzizungusha kwa kasi. Chembe nyekundu huzama chini, na juu hubaki maji ya rangi ya manjano yaliyokusanya chembe sahani nyingi kuliko kawaida. Maji hayo hudungwa chini ya ngozi, au hupakwa juu ya uso uliokwisha kutobolewa kwa visindano vidogo vidogo. Huduma hurudiwa mara mbili au tatu, kwa kawaida baada ya kila mwezi, na malipo ni kwa kila mara.

Je, inafaa kitu? Tafiti zipo, na baadhi zimeonesha nafuu katika makovu ya chunusi na katika kunyonyoka nywele. Lakini nyingi ni za watu wachache, na kila mahali maji hayo hutayarishwa kwa namna yake, hivyo matokeo ya huku hayathibitishi ya kule. Anayeahidi uso mpya kwa uhakika anaahidi asichokimiliki.

Tukirejea katika sharia, Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu. Swahaba Arfaja bin As'ad (r.a.), aliyekatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya, alijiwekea pua ya fedha, nayo ikanuka, ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na juu ya hivyo aliruhusiwa, kwa kuwa alikuwa anaondoa aibu iliyompata na si kutafuta ziada. Kwa upande wa pili, katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.) wamelaaniwa wenye kuchanja na kuchonga meno kwa ajili ya uzuri, wakibadili alivyoumba Allah. Baina ya hadithi hizi mbili ndipo lilipo jibu letu.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa 18 uliofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilipita njia hiyo hiyo. Liliruhusu kurekebisha kasoro zilizotokana na ajali, kuungua au maradhi, na likakataza kuondoa makunyanzi kwa upasuaji au kwa sindano isipokuwa yakiwa ni maradhi, kwa sharti la kusalimika na madhara. Kwa hiyo binti mwenye makovu hayuko sawa na mama wa miaka hamsini anayetaka kurudi ishirini. Huyu wa pili tunamwambia kuwa makunyanzi yake si ugonjwa.

Sharti la kusalimika na madhara ndilo linalopuuzwa zaidi. Mwaka 2018 saluni moja ya Albuquerque, Marekani, ilifungwa baada ya mteja kugundulika na virusi vya UKIMWI. Wakaguzi walikuta mirija ya damu isiyo na majina ndani ya jokofu la jikoni, pamoja na chakula. Mwaka 2024 taasisi ya udhibiti wa maradhi ya nchi hiyo ilieleza kuwa wanawake watatu waliohudumiwa uso hapo yaelekea waliambukizwa humo. Hiyo ni Marekani, ambako sindano hazihesabiwi kwa uchache. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, amemtwika dhamana yule anayetibu bila kujulikana kwa utabibu. Mwenye kusuka nywele asuke nywele. Wa kutoa damu awe tabibu aliyesajiliwa, na sindano ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa.

Ama binti wa mkorogo, mzizi wa tatizo lake uko kwenye kopo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha weusi mbaya kuliko ule uliokimbiwa, dawa za jamii ya steroidi huikonda ngozi, na zebaki hudhuru figo. Bunge la Afrika Mashariki, lenye makao hapa hapa Arusha, lilipitisha mwaka 2019 azimio la kuzitaka nchi wanachama zipige marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni. Kumtoboa uso binti ambaye bado anajipaka ni kutupa fedha, na kwa ngozi nyeusi iliyokwisha kudhoofika matobo yenyewe huweza kuzaa madoa mapya. Mama huyu tulimwambia kwanza amwachishe mkorogo, kisha ampeleke kwa daktari wa ngozi. Moshi si mbali, na katika hospitali ya KCMC kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Daktari akiona tiba hii inamfaa, hatuoni kizuizi. Na bwana harusi, kama ni muungwana, atasubiri.

Limebaki suala la twahara, ambalo matangazo hayaligusi. Damu iliyotoka ni najisi kwa kauli ya wengi, hivyo iliyobaki juu ya ngozi ni lazima ioshwe kabla ya swala. Lakini watoa huduma huagiza uso usiguswe na maji kwa saa kadhaa. Mgonjwa wa kweli anayo rukhsa ya mwenye jeraha: ataosha viungo vilivyo salama na kutayamamu kwa ajili ya uso. Asiye mgonjwa, aliyejitia katika udhuru huo kwa kufuata kioo tu, hatuthubutu kumpa rukhsa hiyo. Wallahu a'lam.