Mwanasheria Asome na Lugha

Wako wenzetu, na baadhi yao ni walimu, wasemao kwamba kijana aliyekwisha kupata shahada ya kwanza ya sheria, kisha akaenda kutafuta shahada ya uzamili katika fani nyingine, amepoteza dira. Akichagua uchumi au utawala husamehewa, maana fani hizo hudhaniwa kuwa zina fedha. Lakini akithubutu kuchagua lugha, tena lugha ya Kiswahili, hapo vicheko havizuiliki. Ataulizwa kama uwakili umemshinda. Ataambiwa kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kauli hiyo tumeisikia hapa Rumonge na tumeisikia Bujumbura. Sisi tunaipinga. Ni kauli ya watu wasiotazama yanayotendeka mbele ya macho yao, na inawadhuru raia wanyonge kuliko inavyomdhuru huyo kijana anayechekwa.

Kwanza tuweke mpaka wa hoja yetu. Hatuwatetei wanaokusanya shahada kama mtoto akusanyavyo stempu. Shahada ya pili isiyomwezesha mtu kuifanya vizuri zaidi kazi ya shahada ya kwanza, wala kumfungulia kazi mpya yenye manufaa, ni pambo la ukutani. Tunalotetea ni jambo jingine, nalo ni fani mbili zinazohitajiana. Wala hatusemi kwamba lugha ndiyo fani pekee ya kuoanishwa na sheria. Pwani yetu inamhitaji mwanasheria aliyesomea upimaji wa ardhi. Inamhitaji pia aliyesomea elimu ya viumbe vya majini, kwa kuwa Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne, na Mkataba wa kulihifadhi, uliotiwa saini mwaka 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, hauwezi kusimamiwa vema na watu wasiojua ndagala huzaana vipi. Lakini hao wanao watetezi wao. Mwanasheria wa lugha hana mtetezi, na ndiyo sababu tukashika kalamu.

Tuanze na hiyo methali, maana sisi ndio tunaoifundisha. Mshika mbili huponyokwa pale ambapo vitu viwili vinavutana, kimoja kikienda huku na kingine kule. Methali haikusema kwamba kila vitu viwili huvutana. Mvuvi wa Rumonge aingiapo ziwani usiku kutafuta ndagala huchukua taa na huchukua wavu. Taa huwaita samaki, wavu huwakusanya. Mwenye taa bila wavu atawaangazia samaki mpaka alfajiri na kurudi na mtumbwi mtupu. Mwenye wavu bila taa atakuwa anatega gizani. Hatujapata kumsikia mtu yeyote pwani akimwambia mvuvi huyo kwamba ameshika mbili. Basi swali la haki si kama kijana ameshika vitu viwili. Swali ni kama sheria na lugha zinavutana, au kama ni taa na wavu.

Sasa tuitazame pwani yenyewe. Mtu wa Rumonge huzaliwa katika Kirundi, huuza mawese na samaki wake kwa Kiswahili, na akipata shauri, sheria inayomhukumu imeandikwa kwa Kifaransa. Katika mahakama za chini shauri husikilizwa kwa Kirundi. Hati zinazoletwa mbele ya hakimu huenda zikawa za Kifaransa, na shahidi huenda akawa ni mtu aliyekulia ng'ambo ya ziwa, ambaye Kiswahili ndicho anachokisema bila kubabaika. Ni lugha tatu katika chumba kimoja, na nafasi ya kupotea maana ni kubwa.

Wala hilo halikutokea kwa bahati. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka katika pwani hii, Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi wakauawa. Ukafuata ukandamizaji wa serikali ya wakati ule, ulioua watu wengi mno nchini kote. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao, mashamba ya michikichi na nyumba zao vikapata wakazi wengine, na baadhi ya wakazi hao waligawiwa na serikali yenyewe. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 yalitambua haki ya wakimbizi kurudishiwa mali zao. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, na mwaka 2014 ikawekwa mahakama maalumu ya mashauri hayo. Kipindi cha Tume kilikwisha mwaka 2022. Waliorudi, hasa kuanzia mwaka 2008, walirudi na watoto na wajukuu waliosoma kwa Kiswahili katika shule za Tanzania. Hao ndio waliosimama mbele ya wasuluhishi na mahakimu kudai shamba la babu.

Hapa ndipo tunapowaomba wanaocheka wanyamaze kidogo wasikilize. Mtu huyo husema: “Babu yangu aliacha shamba mwaka 1972.” Neno *kuacha* kwa Kiswahili lina mapana. Mtu huacha kazi kwa hiari yake. Mtu huacha mtoto nyumbani akaenda sokoni, na hakuna asemaye kwamba amemkana. Mtu huacha mali, maana yake amekufa na mali hiyo ina warithi. Mkimbizi naye huacha shamba kwa kuwa risasi zinalia. Mkalimani asiye na elimu ya lugha akiandika kwa Kifaransa neno lenye maana ya kutelekeza, amekwisha kumpokonya mdai nusu ya haki yake kabla hakimu hajafungua kinywa. Tukumbuke kwamba sheria ya ardhi ya Burundi ya mwaka 1986, na ile iliyoifuata mwaka 2011, zote zilikuwa na kanuni ya miaka 30, ambayo kwayo aliyeishikilia ardhi muda huo wote aweza kuidai iwe yake. Tangu 1972 hadi 2008 ni miaka 36. Mahali penye kanuni ya namna hiyo, tofauti kati ya aliyetelekeza na aliyefukuzwa si tofauti ya mapambo ya lugha. Ni tofauti kati ya kulala ndani na kulala nje.

Upande wa pili nao una mashaka yake. Aliyekuwa akilima shamba hilo kwa miaka mingi husema: “Shamba hili ni langu.” Kila mwalimu wa sarufi amefundisha viwakilishi vya kumiliki, na kila mwalimu mwema amewaambia wanafunzi kwamba jina hilo linadanganya. Mpangaji husema “nyumba yangu”, abiria husema “basi langu limeniacha”, na mwanafunzi husema “shule yetu”. Hakuna hata mmoja wao aliye na hati. Sheria hutenga vikali kati ya kumiliki kitu na kukishikilia tu, lakini kiambishi cha lugha yetu huvibeba vyote viwili kwa pamoja bila kulalamika. Je, msemaji alikusudia lipi? Alinunua? Aligawiwa? Aliazimwa? Aliachiwa alitunze? Anayejua kuuliza maswali hayo kwa Kiswahili sahihi, asimtishe mzee wala asimtie maneno kinywani, ni mtu aliyesoma lugha. Anayejua kwa nini jibu lina uzito ni mtu aliyesoma sheria. Tunamtaka mtu mmoja ayajue yote mawili.

Tena Kirundi nacho kina mambo yake. Lipo neno *ubugererwa*, utaratibu wa zamani ambao mtu alipewa ardhi na mwenye nayo, akabaki na wajibu kwake. Sheria iliufuta mwaka 1977. Mzee akilitaja neno hilo, mfasiri mmoja atasema “alipewa”, mwingine atasema “alipangishwa”, na kila tafsiri itazaa hukumu yake. Mwanafunzi wa lugha hufundishwa kwamba neno la namna hiyo halitafsiriwi kwa neno moja; hufafanuliwa.

Wapinzani wetu watasema: kwani wakalimani hawapo? Wapo, na tunawaheshimu. Lakini hakimu asiyeweza kupima tafsiri anayoletewa amekwisha kumkabidhi mkalimani kiti chake. Jambo hili si geni duniani. William Jones, Mwingereza aliyekwenda Calcutta mwaka 1783 kuwa jaji, alijifunza Kisanskriti kwa sababu hakutaka kuamua mashauri ya Wahindu kwa kutegemea tafsiri za watu wengine tu. Kutoka katika haja hiyo ya mahakamani ikatoka hotuba yake ya mwaka 1786 juu ya undugu wa Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini, ambayo wanaisimu wanaitaja hadi leo. Jacob Grimm na nduguye Wilhelm, walioanzisha kamusi kubwa ya Kijerumani, walisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Marburg. Hatujui mtu anayewacheka hao kwa kushika mbili.

Watasema pia kwamba Kiswahili si lugha ya sheria. Hoja hii imechakaa. Tanzania ilipotunga Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, Kiswahili ndicho kilichowekwa kuwa lugha ya mahakama za mwanzo, na mwaka 2021 Bunge lake likarekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutolea haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 uliagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya, nayo Burundi ikajiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2007. Na kama mtu anataka mfano wa karibu zaidi, na atazame ng'ambo ya ziwa letu hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Mwaka 1954 alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu ambacho walimu wa ushairi hawajaacha kukirejea. Mwaka 1963 alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Mtu mmoja alizijua kanuni za vina na mizani, akapewa dhamana ya kanuni za nchi. Hakuponyokwa na lolote.

Hoja ya mwisho ni ya muda na fedha, na hiyo hatuidharau. Shahada ya sheria ina miaka yake, mafunzo ya uwakili yana miaka yake, na uzamili huongeza miwili. Wazazi wa pwani hawana mashina ya michikichi yasiyohesabika. Ndiyo maana hatumhimizi kila mwanasheria afuate njia hii, wala hatusemi afuate pasipo kupumua. Na afanye kazi kwanza, asikilize mashauri, kisha arudi darasani akiwa na maswali. Tunachokataa ni kumzuia kwa kicheko yule mwenye nia na uwezo.

Lawama nyingine ni yetu sisi walimu wa Kiswahili. Mwanasheria akibisha hodi katika idara zetu, tunamtazama kama mgeni aliyepotea njia. Tunamwuliza kama anajua ngeli, badala ya kumwuliza analeta nini. Hapana budi tubadili mwenendo huo. Idara zimpokee kwa masharti yaliyo wazi, zimfundishe sarufi anayoikosa, na zimwelekeze aandike tasnifu juu ya maneno ya ardhi, mirathi na madeni kama yasemwavyo Rumonge na Nyanza-Lac, si kama yalivyo katika kamusi tu. Nasi tunaofundisha shuleni tusingoje chuo kikuu. Watoto wa Burundi hufundishwa Kiswahili tangu shule ya msingi. Na wajifunze mapema tofauti ya kudai na kushitaki, ya mdaiwa na mshitakiwa, ya kununua na kupewa, ya kuacha na kufukuzwa. Wengi wao hawatakuwa mawakili. Lakini wengi wao, siku moja, watasimama mbele ya mtu mwenye kalamu na kuulizwa shamba ni la nani.