Hermia hakuishinda sheria

Wengi wetu huisoma A Midsummer Night's Dream ya Shakespeare kama ushindi wa mapenzi. Sikubali. Egeus anataka kumwoza binti yake Hermia kwa Demetrius, na sheria ya Athens inampa haki hiyo. Binti akikataa, atauawa au ataishi utawani maisha yake yote. Mtawala Theseus asema hana uwezo wa kuilegeza sheria. Ndipo Hermia na mpenzi wake Lysander wanatorokea msituni.

Katika tendo la 4, Theseus yuleyule anampinga Egeus na kuwaruhusu wapenzi hao. Nini kimebadilika? Sheria haikufutwa. Aliyebadilika ni Demetrius: baada ya kulogwa kwa maji ya ua, hamtaki tena Hermia. Neno la binti peke yake halikutosha.

Vitenzi vyetu vinaonyesha jambo hili wazi: baba anaoza, mume anaoa, binti anaolewa. Hermia alidai kitenzi cha nne, kuoana. Alikipata kama hisani, si kama haki.

Sisi tutakaokuwa walimu tuliseme hilo darasani. Tukiuita ushindi, tunawafundisha wasichana kungoja maji ya ua.