Tahadhari: Reli ya Bosnia Inakufa

Reli ya Bosnia na Herzegovina inakufa.

Haiuliwi na mabomu. Mabomu yalikuja kati ya 1992 na 1995, yakavunja madaraja na kuangusha nyaya za umeme, na baada ya vita njia ikatengenezwa tena. Safari hii inakufa ikiwa na mafundi wake, vichwa vyake vya treni na vituo vyake. Kinachokosekana ni uamuzi. Na kila mwaka unaopita bila uamuzi unaacha njia mbovu zaidi kuliko ulivyoikuta.

Itazame kwa ukubwa wake. Reli yote ya nchi hii ni takriban kilomita 1,000. Ni fupi kuliko Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Watu wake, kwa sensa ya 2013, ni kama milioni 3.5. Lakini reli hiyo fupi ina kampuni mbili. Moja iko Sarajevo na ni mali ya Shirikisho la Bosnia na Herzegovina, mojawapo ya sehemu mbili za nchi zenye serikali zake, ikiwa na kilomita 600 hivi. Nyingine iko Doboj na ni mali ya Republika Srpska, sehemu ya pili, ikiwa na zaidi ya 400. Kila moja ina bodi yake, karakana zake na madeni yake. Juu yao kuna shirika la pamoja lililozaliwa na Mkataba wa Dayton wa 1995 ili kuzipatanisha. Shirika hilo halina nguvu ya kuiamuru hata moja.

Kampuni mbili. Njia moja.

Njia hiyo haikujengwa kwa kugawanywa. Kipande cha kutoka Šamac hadi Sarajevo, kilomita 242, kilijengwa mwaka 1947 na vijana wa kujitolea zaidi ya 200,000, kikaunganisha milima ya kati na mto Sava. Leo treni inayotoka Šamac kwenda Sarajevo huanza safari kwa kampuni moja na kuimaliza kwa nyingine.

Gharama ya mgawanyiko huu inaonekana kwa macho. Desemba 2009 treni ya Belgrade hadi Sarajevo ilirudi baada ya kutoweka tangu vita. Ilikuwa na mabehewa matatu tu: moja la Serbia, moja la Republika Srpska, moja la Shirikisho. Njiani vichwa vya treni vilibadilishwa kila ilipoingia eneo la kampuni nyingine. Abiria walihesabu saa wakapanda basi. Mwaka 2012 treni ile ikafutwa. Desemba 2016 ikafuatia ya Sarajevo hadi Zagreb.

Hazijarudi.

Kabla ya hapo zilikuwa zimenunuliwa treni tisa za Talgo kutoka Hispania, kwa zaidi ya euro milioni 60. Zilifika 2010, zikiwa mpya, zikiwa nzuri. Zikaegeshwa. Hazikuanza kubeba abiria hadi 2016. Fedha ya umma ililala kwenye njia za pembeni miaka sita.

Abiria waliondoka kwanza. Sasa shehena inaondoka.

Hapa ndipo hatari ilipo, na ndiyo sababu ya kupiga mbiu leo na si mwakani. Reli ya Bosnia haijawahi kuishi kwa tiketi. Inaishi kwa madini ya chuma, makaa ya mawe na bidhaa za chuma. Madini huchimbwa karibu na Prijedor, ndani ya Republika Srpska, na kupelekwa kwenye kiwanda cha chuma cha Zenica, ndani ya Shirikisho. Mzigo mmoja ulizilisha kampuni zote mbili. Mwaka 2024 ArcelorMittal ilifunga tanuru za koki pale Zenica. Mwaka 2025 ikakiuza kiwanda chenyewe. Makaa ya mawe nayo hubebwa kwenda mitambo ya umeme ya Tuzla na Kakanj, na tangu mwanzo wa 2026 Umoja wa Ulaya unatoza ushuru wa hewa ukaa kwa chuma na umeme unaoingia kwake. Anayetegemea makaa ya mawe na chuma peke yake anategemea kitu kinachopungua.

Kisha kuna mlima.

Tarehe 4 Oktoba 2024, usiku wa mvua kubwa, mawe na matope yaliporomoka kutoka machimbo yaliyo juu ya kijiji cha Donja Jablanica. Watu 19 walikufa pale. Nyumba zilifukiwa hadi paa. Tuta la reli lilisombwa, na reli zenyewe zikabaki zikining'inia hewani na mataruma yake. Hiyo ndiyo njia ya kutoka Sarajevo kupitia Mostar hadi bandari ya Ploče huko Kroatia, njia pekee ya reli inayoipeleka nchi hii baharini kwa upande wa kusini. Ilikatika kwa miezi.

Bonde la Neretva ni jembamba. Mto, barabara kuu na reli vimebanana hapo, na miteremko iko juu yao vyote. Mvua kama ile itanyesha tena.

Ikiwa hakuna kitakachobadilika, mfuatano unajulikana. Mapato yanashuka, matengenezo yanaahirishwa. Mwendo unapunguzwa kwa usalama. Mteja anayesubiri mzigo wake anachoka na kukodi malori. Kipande cha njia kinafungwa kwa muda, na muda huo hauishi. Njia ya bonde la Una imekwisha kupita hatua hizo. Ilivuka mpaka wa Bosnia na Kroatia mara kadhaa ikielekea Knin, ilitiwa umeme mwaka 1987, na leo kipande chake cha kusini hakina treni. Malori yaliyochukua nafasi ya reli yatapita wapi? Kwenye bonde lilelile jembamba, mbele ya nyumba zilezile.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelipia somo hili. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, shirika moja la reli likawa matatu, na ilituchukua miongo kuanza kurudi tulikokuwa.

Bosnia bado ina nafasi ya kuepuka miongo kama hiyo. Kinachohitajika ni kichache.

Njia iwe na msimamizi mmoja. Kampuni mbili zinaweza kubaki, bodi mbili zinaweza kubaki, lakini ratiba, ishara na ruhusa ya kupita zitoke ofisi moja, na kichwa cha treni kilichotoka Šamac kifike Sarajevo bila kubadilishwa. Atakayesema siasa haziruhusu aangalie nyaya za umeme. Tangu 2006 umeme wa msongo mkubwa nchini humo unasafirishwa na kampuni moja, Elektroprenos, inayomilikiwa na pande zote mbili, na makao yake makuu yako Banja Luka. Wenye hisa hugombana. Umeme unapita.

Miteremko juu ya reli ikaguliwe yote, kutoka Konjic hadi Mostar, na kila machimbo yasiyo salama yafungwe kabla ya mvua za vuli. Ukaguzi huu hauhitaji katiba mpya wala mkopo. Unahitaji wahandisi na amri.

Fedha za matengenezo ziwekwe kwa mkataba wa miaka mingi, zisiwe sadaka ya kila bajeti. Reli isiyojua itapata nini mwaka ujao haiwezi kuagiza mataruma, wala kumfundisha kijana kazi kabla mzee hajastaafu.

Na mteja mpya atafutwe sasa. Makontena ya Ploče yapo. Mbao zipo. Abiria wa Zagreb wapo. Mabehewa ya Talgo yapo.

Makubaliano ya msimamizi mmoja yanaweza kuandikwa kabla ya ratiba ijayo, ile ambayo reli zote za Ulaya huibadilisha kila Desemba. Yanahitaji sahihi mbili: ya serikali ya Shirikisho huko Sarajevo na ya serikali ya Republika Srpska huko Banja Luka.