Bei Iliyobandikwa Si Lazima Iwe ya Haki

“Heri supamaketi, bei imeandikwa, hakuna wa kunidanganya.” Maneno hayo utayasikia Mombasa kwa watu wa kila rika, hasa waliosoma na wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Anayeyasema huvuka Daraja la Nyali siku ya Jumamosi, akajaza kigari kwenye jumba la maduka, kisha akarudi kisiwani akiamini kuwa yeye amenunua kwa haki na jirani yake aliyekwenda soko la Marikiti amelaghaiwa. Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu.

Tuanze na hiyo karatasi ya bei. Inakuambia jambo moja tu: utakachotozwa. Haikuambii aliyetengeneza bidhaa alipata nini, wala alikatwa nini kabla bidhaa yake haijaruhusiwa kukaa pale. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake za mnunuzi mkubwa. Waliolalamika walikuwa Woodlands, wauzaji wa asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia na sabuni, ambao ni wa huku huku kwetu. Kampuni iliupinga uamuzi huo. Lakini masharti ambayo Mamlaka iliagiza yaondolewe kwenye mikataba yanafaa yasomwe na kila anayeiamini rafu: ada ya kuingiza bidhaa dukani, punguzo ambalo mleta bidhaa humrudishia mwenye duka, kumtaka alete wafanyakazi wake mwenyewe wafanye kazi humo dukani, na kumtolea bidhaa zake nje bila kukubaliana. Hayo nayo ni mapatano ya bei. Yamefanyika ofisini, mlango umefungwa, na wewe mnunuzi hukuitwa.

Na supamaketi ya Nakumatt tumeisahau upesi. Ilikuwa pale City Mall, Nyali, na wengi wetu tulijivunia kuingia humo. Januari 2020 waliokuwa wakiidai walipiga kura ifilisiwe, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30, na sehemu kubwa ilikuwa ya watu waliopeleka bidhaa wakaahidiwa malipo. Sisi wateja tulilipa papo hapo, bei ile ile iliyobandikwa, risiti mkononi. Pesa hazikuwafikia waliotengeneza mali. Shoprite ya Afrika Kusini, iliyokuja baada yake kwenye jengo hilo hilo, nayo ikafunga na kuihama Kenya. Tuskys ikaanguka kwa madeni. Supamaketi ya Uchumi ilikuwa imekwisha kuanguka kabla yao. Wakati huo wote Marikiti, lililojengwa mwaka 1914, lilikuwa likifunguliwa kila asubuhi kwenye Barabara ya Digo, na mkulima aliyeshusha tenga lake aliondoka na pesa zake mfukoni.

Sasa tutazame hiyo bei ya kupatana inayodharauliwa. Simama mbele ya muuza viungo pale Marikiti. Hiliki iko wazi, imerundikwa mbele yako. Muulize bei, naye, kabla hajakutajia, atavunja punje moja kwa ukucha na kukuonyesha mbegu zilizo ndani. Nyeusi zinazonata ni mpya. Za kahawia, kavu, zimelala ghalani muda mrefu. Atakutilia kiganjani unuse. Kisha atataja bei, nayo inakwenda na kile ulichokwisha kukiona: mpya ina bei yake na iliyolala ina yake. Hukipendi? Hatua tatu mbele yuko mwingine anauza hiliki hiyo hiyo, amekwisha kukusikia, anakungoja. Mbele ya pakiti iliyofungwa ya supamaketi utasoma jina la kampuni na tarehe, ulipe.

Au nenda Biashara Street, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, limekuwapo tangu 1887. Tuseme muuzaji wa mtaa huo ametaja mia nane. Bi mkubwa hakubali wala hakatai. Anaikunjua doti yote, anatazama pindo kama limechapwa sawa, anautazama mji, analisoma jina kimoyomoyo, kisha anasugua kitambaa kwa vidole ajue kama uzito ule ni wa pamba au ni wanga. “Mwanangu, hii nikiifua mara moja itabaki chandarua.” Muuzaji hatabishana naye, maana anajua kuwa mama huyu anaijua leso. Atanyoosha mkono kwenye rafu ya juu. Bei itakayofikiwa imepitia ujuzi wa watu wawili, na kila mmoja amelazimika kusema sababu yake mbele ya mwenziwe. Mimi sijui haki nyingine ya biashara iliyo wazi kuliko hiyo.

Watasema sokoni kuna udanganyifu. Kweli upo. Mtalii aliyetoka Fort Jesus hutajiwa bei maradufu, na mwenzetu mwenye lafudhi ya bara pia. Yuko anayebonyeza kitako cha gorogoro ili mahindi yapungue. Huo ni wizi na uitwe wizi, na anayeutetea kwa jina la mila za Pwani anatuaibisha. Ila dawa yake ni mizani halali na mkaguzi anayefika bila kutangaza siku, si kulihama soko. Uchafu wa sokoni unaolalamikiwa nao hivyo hivyo: wafanyabiashara wanalipa ada kwa kaunti, na mtaro ukifurika lawama ni za aliyepokea ada.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: bei iliyobandikwa ni sawa kwa wote. Ni sawa, naam. Kuli wa bandarini na mkurugenzi wanatozwa shilingi zile zile. Lakini katika Mji wa Kale mwenye duka humpunguzia mjane wa mtaa bila kuulizwa, na jina la aliyecheleweshewa mshahara huandikwa kwenye daftari hadi mwezi uishe. Samaki asiyenunuliwa asubuhi hushuka bei jioni, na mwenye kidogo huenda saa hiyo akapata kitoweo. Usawa wa karatasi hauna nafasi ya mambo hayo.

Sisemi mtu asiingie supamaketi. Sabuni, dawa ya meno, betri, nunua utakapo. Ninachokataa ni kumlea mtoto wa Mombasa akiamini kwamba anayetaja bei kwa mdomo ni mwizi na kilichoandikwa ni kweli, hadi afike ukubwani hajui kuichagua hiliki wala hajui kusema “punguza” bila kuona haya.

Kaunti ya Mombasa, leteni wakaguzi wa mizani kwenye masoko ya Marikiti na Mwembe Tayari, na mzibue mitaro kwa ada mnayokusanya. Nanyi wazazi, Jumamosi ijayo mpeni mtoto pesa ya viungo vya pilau, muende naye Marikiti, na mmwachie apatane mwenyewe.