Msimu wa mwisho wa '24' una somo kwa wenye vibanda na wakulima wa pamba

TAMTHILIA ya Kimarekani iitwayo 24, ambayo mhusika wake mkuu Jack Bauer aliigizwa na Kiefer Sutherland, ilianza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha Fox Novemba 6, 2001. Msimu wake wa nane ulimalizika Mei 24, 2010, ikiwa imefikisha sehemu 192. Kwa mtazamaji wa Marekani, huo ulikuwa mwisho wa burudani ya Jumatatu usiku. Kwa mwenye kibanda cha video katika miji ya machimbo ya Geita na Kahama, ulikuwa mwisho wa bidhaa iliyokuwa ikimlipia pango na mafuta ya jenereta.

Wapo watakaouliza habari za tamthilia zinamhusu nini mkulima wa pamba wa Shinyanga au muuza mchele wa Kahama. Zinamhusu kwa sababu moja kubwa. Kila biashara ina msimu wake wa mwisho. Wakubwa huupangia, wadogo hushtukizwa nao, na hasara ya mshtuko huo huishia kwenye sahani ya chakula na ada ya mtoto.

Katika miaka ya 2000, televisheni ya nyumbani ilikuwa anasa katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, na umeme wa gridi haukuwa umefika sehemu nyingi. Mchimbaji mdogo aliyetoka kwenye duara au mwaloni jioni alikwenda kibandani, kile ambacho vijana walikipachika jina la kibanda umiza kwa sababu ya joto, msongamano na mabenchi magumu. Alilipa kiingilio kidogo, akaketi. Filamu za mapigano za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani ndizo zilizotawala. Baadhi ziliwekewa maelezo ya Kiswahili na wafasiri waliojijengea jina, maarufu miongoni mwao akiwa Lufufu.

Kisha zikaja DVD zilizobeba msimu mzima wa tamthilia ndani ya diski moja au mbili. Hapo hesabu za kibanda zikabadilika. Filamu ya kawaida humalizika kwa saa mbili, na mteja akishaiona hana sababu ya kurudi. Msimu mmoja wa 24 ulikuwa na sehemu 24, kila moja ikichukua takribani dakika 43 baada ya kuondoa matangazo. Hiyo ni karibu saa 17 za kutazama. Kwa kibanda kinachoonyesha saa tatu kila usiku, diski moja ilitosha kumrudisha mteja yuleyule siku tano au sita mfululizo, maana kila sehemu iliishia pale ambapo Bauer amebanwa na hajulikani atatokaje. Mteja aliondoka akijua kwamba kesho lazima arudi. Mwenye duka yeyote anajua thamani ya mteja wa namna hiyo.

Tatizo ni kwamba wengi wa wenye vibanda waliishi kana kwamba misimu hiyo ingekuja milele. Faida ya msimu mmoja ililiwa ikisubiriwa ya msimu mwingine. Dalili za mwisho zilikuwepo. Mgomo wa waandishi wa miswada huko Marekani ulioanza Novemba 2007 uliichelewesha tamthilia hiyo, na msimu wa saba ukasubiri hadi Januari 2009. Watazamaji walikuwa wamepungua wakati gharama za kuitengeneza zikiwa kubwa. Machi 2010, Fox ikatangaza wazi kwamba msimu wa nane ndio wa mwisho.

Namna tamthilia hiyo ilivyofungwa inastahili kutazamwa kwa jicho la kibiashara. Katika sehemu ya mwisho Jack Bauer hafi. Anaachwa akiwa mkimbizi, Chloe O'Brian akimtazama kwenye skrini, na saa maarufu ya tamthilia hiyo ikihesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Wenye mali walifunga duka, lakini mbegu waliiweka ghalani. Mwaka 2014 waliitoa tena kwa sehemu 12 zilizosimulia mkasa wa London. Mwaka 2017 walijaribu kuiendeleza bila Bauer, nayo ikaishia msimu mmoja tu. Jina la biashara bila kile ambacho wateja walikifuata haliuzi.

Wa kusifiwa zaidi katika habari hii ni mwigizaji wa India Anil Kapoor, ambaye sura yake si ngeni kwa wapenzi wa filamu za Kihindi hapa nchini. Katika msimu huo wa mwisho aliigiza Rais Omar Hassan, kiongozi wa nchi ya kubuni, ambaye anauawa kabla hadithi haijaisha. Hakuridhika na ujira wake tu. Alipata haki ya kuitengeneza 24 ya Kihindi, nayo ikaanza kuonyeshwa India mwaka 2013 yeye akiwa mhusika mkuu. Ni sawa na kibarua aliyeingia shamba la mtu wakati wa mavuno ya mwisho, akaona mbegu ile ni nzuri, akainunua na kwenda kuipanda kwake.

Kwa upande wa vibanda, walionusurika ni wale waliojua kwamba mali yao haikuwa Jack Bauer. Mali yao ilikuwa jenereta, chumba, mabenchi na watu waliozoea kufika pale jioni. Hao waligeukia mechi za ligi ya Uingereza na kuchaji simu, baadaye wakaingiza filamu na nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Waliotegemea rundo la diski walibaki nalo, kwani diski iliyokwisha kutazamwa na kijiji kizima haina mnunuzi.

Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya diski hizo hazikuwa halali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na kibanda kilichoonyesha kazi ya mtu kwa malipo bila idhini yake kilikuwa kikifanya biashara juu ya mali isiyo yake. Upo utetezi, nao una uzito: nakala halali hazikufika kwenye machimbo, na zingefika, bei yake isingelingana na kiingilio cha kibandani. Lakini utetezi huo haubadilishi hesabu. Anayeuza kisicho chake hana sauti katika kuamua lini kitakoma, hawezi kukiwekea dhamana benki, na siku kikikoma hana wa kumdai. Kapoor alinunua haki, ndiyo maana mwisho wa wengine ukawa mwanzo wake.

Somo hilo linauhusu ukanda wa dhahabu kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Mgodi wa Tulawaka wilayani Biharamulo, jirani na Geita, ulianza kuzalisha mwaka 2005 na kampuni iliyouendesha ikaacha kuchimba mwaka 2013, kabla ya shirika la serikali la STAMICO kuuchukua. Mgodi wa Buzwagi, karibu kabisa na mji wa Kahama, ulizalisha dhahabu kuanzia 2009 hadi 2021. Miaka 12 ni mingi kwa mtu anayejenga nyumba za kupangisha. Ni michache sana kwa mtu aliyekopa akidhani wapangaji hawataondoka.

Migodi hiyo mikubwa haikushtukizwa. Sheria za madini zinautaka mgodi mkubwa uwe na mpango wa kufunga: wafanyakazi watalipwaje, mashimo na maji yenye kemikali yatashughulikiwaje, ardhi itatumikaje baadaye. Ndiyo maana eneo la Buzwagi lilipangiwa kazi mpya ya viwanda na biashara. Sasa aulizwe mama lishe aliyekuwa akipika karibu na lango la mgodi, mwenye nyumba za wageni, muuza vocha na dereva wa bodaboda: mpango wao wa kufunga ulikuwa upi? Wengi hawakuwa nao, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wanauhitaji.

Kwenye machimbo madogo hali ni ngumu zaidi, kwa sababu rashi haitoi tangazo la miezi miwili kama Fox. Habari ikienea kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, watu hujaa kwa siku chache. Vibanda hupandishwa, karasha hufungwa, bei ya maji na mchele hupaa. Dhahabu ikipungua au habari za kwingine zikisikika, mji wote huhama. Anayeumia ni yule aliyejaza mzigo wa mkopo wiki moja kabla.

Mkulima wa pamba anaweza kudhani haya si yake. Yake ni yaleyale. Machi 2011 bei ya pamba katika soko la dunia ilivuka dola mbili kwa ratili, kiwango ambacho kiliweka rekodi, kisha ikaporomoka. Waliopanua mashamba kwa mikopo wakitazamia bei ile walivuna wakati bei hiyo imekwisha kuondoka. Bei nzuri nayo ni msimu, na msimu hauna undugu na mtu.

Hata hivyo, mkulima huyo ana elimu ambayo mwenye kibanda hakuwa nayo. Kila mwaka baada ya mavuno, maofisa ugani humkumbusha kung'oa mabua ya pamba na kuyachoma, kwa sababu mabua yaliyosimama shambani huwahifadhi funza na wadudu wengine hadi msimu unaofuata. Zao likishamaliza kazi yake, kuliacha limesimama ni kufuga adui. Ndivyo ilivyo kwa duka ambalo wateja wake wamehama, mashine isiyo na kazi na mkopo wa biashara iliyokufa. Hung'olewa mapema, na shamba likaandaliwa upya.

Kinachotakiwa hakihitaji shahada. Mfanyabiashara mdogo achukue daftari na kujibu maswali manne wakati mauzo yangali mazuri. Ni kitu gani kikikoma, biashara hii inakoma nacho? Dalili za kukoma kwake ni zipi, na zinatoka kwa nani? Siku hiyo ikifika, kipi kitabaki mkononi mwake kinachoweza kufanya kazi nyingine? Na kila wiki anaweka kiasi gani pembeni kwa ajili ya siku hiyo? Akiba haiozi, na inayowekwa wakati wa neema ndiyo inayonunua muda wa kufikiri wakati wa dhiki.

Halmashauri nazo zina wajibu. Halmashauri inayokusanya ushuru kutoka mgodini inajua, au inapaswa kujua, maisha ya mgodi yamebaki miaka mingapi. Taarifa hiyo haina haja ya kubaki kwenye makabrasha ya ofisini. Isomwe kwenye mikutano ya vijiji na masoko, ili anayekopa kujenga nyumba za wageni akope akijua. Vyama vya ushirika na vikundi vya kuweka na kukopa viulize swali hilohilo kabla ya kutoa mkopo: mradi huu utaishije siku mgodi au bei ikiondoka?

Wapo watakaosema kwamba hata 24 ilirudi mwaka 2014, hivyo ni afadhali kusubiri. Ilirudi kwa wenye haki zake. Wakati huo, wateja wa kibandani wengi walikuwa wameanza kutazama filamu kwenye simu zao, nyumbani, bila kiingilio. Msimu unaweza kurudi. Hauna ahadi ya kumkuta mtu alipokuwa. Atakayefaidi kurudi kwake ni yule aliyefunga vizuri mara ya kwanza, akabaki na mbegu ghalani na bila deni mlangoni.