Herufi A Ndiyo Inalipa Kodi Yangu

Acheni kuniambia kibodi ya kimekanika ni ya watoto wa gemu. Nimechoka. Kila mgeni akiingia kwangu hapa Kitengela lazima aangalie hii kitu mezani, aulize bei, halafu acheke: si ungenunua tu ile ya mia nane?

Nilikuwa nayo ile ya mia nane. Ya raba. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano na kuyaandika, na Kiswahili hakina huruma kwa A. Hesabu mwenyewe: "watakapokatazwa" ina herufi 15, na 6 kati yazo ni A. Q na X hatuzihitaji, zimekaa hapo kama wageni wasioaga. Lakini A, mbeba mizigo wetu, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Na ukimaliza kazi uingie gemu, kutembea ni W, A, S na D. A tena!

Basi A yangu ikaanza kuruka. Usiku huo nilikuwa na mahojiano ya mambo ya ardhi huku Kajiado. Mzee alisema kaka yake alikataa ploti. Mimi nikatuma "alikata ploti". A moja tu, na mtu aliyezikataa amekuwa ndiye aliyezikata. Huku kwetu watu wameburutana kortini kwa madogo kuliko hayo. Mteja alipunguza malipo nusu, na sikuwa na la kujibu.

Kwa kibodi ya kimekanika kila kitufe kina swichi na springi yake. Swichi za Cherry ya Ujerumani ni za tangu miaka ya 1980, lakini siku hizi Gateron na Outemu za China zinatengeneza za mfano huo kwa bei nafuu, ndiyo maana hata mpangaji kama mimi ninayo. Nyekundu inateleza moja kwa moja, wachezaji waichukue. Kahawia ina kigongo kidogo unachokisikia kidoleni kabla kitufe hakijafika chini, na hiyo ndiyo ya kuandika. Bluu? Bluu inalia ka! ka! ka! Usilete bluu kwa ploti. Jirani yangu anaamka saa kumi alfajiri kwenda EPZ, na ukuta wetu ni mwembamba.

Waya nao mnaucheka. Stima ikipotea, laptopu yangu ina saa mbili, na kibodi inakula hapo hapo. Ya betri inaweza kukuzimikia katikati ya sentensi.

Mwezi jana A ilisitasita tena. Nikaing'oa swichi, nikachomoa ya Q, nikaipachika kwa A. Kazi ilienda kabla ya saa sita usiku. Q imebaki shimo, na hakuna mteja ameniuliza.