Sarufi ya Sufuria na Gololi

Juma lililopita binti yangu, aliye katika gredi ya tano, alileta nyumbani orodha ya vifaa vya mradi wa shule: karatasi za manila, gundi, waya na rangi za aina tatu. Wazazi wengi wanazifahamu orodha za namna hiyo tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa mwaka 2019. Nilinunua, ingawa kwa uchungu, kwani mradi wenyewe ulikuwa wa kubandika tu, na aghalabu mabandiko hayo humalizwa na mzazi usiku, mtoto akiwa amelala.

Jumamosi tulifanya mradi mwingine, usiotugharimu hata shilingi. Watoto watatu, wawili wakiwa wa jirani, walikusanya visanduku vitupu vya kiberiti, vitabu, rula, uzi, kizibo, gololi mbili na sufuria. Nia yao ilikuwa kuifanya sufuria ilie pasipo mtu kuigusa, tena kwa njia ndefu kupita kiasi. Mitambo ya aina hii ilipata umaarufu kupitia vibonzo vya Mmarekani Rube Goldberg (1883–1970), aliyesomea uhandisi kabla ya kugeukia uchoraji. Alivuma hata kamusi ya Merriam-Webster ikalifanya jina lake kivumishi mwaka 1931. Huku kwetu, yeyote aliyewahi kuzipanga kete za dhumna wimawima na kuisukuma ya kwanza anaijua kanuni yake.

Gololi iliteremka juu ya rula, ikakigonga kisanduku cha kwanza. Visanduku 12 vikaangushana. Cha mwisho kikakiangusha kijitabu, kijitabu kikakiangusha kitabu, kitabu kikaiangusha atlasi. (Mwanafizikia Lorne Whitehead alieleza mwaka 1983 kwamba kete huweza kuiangusha nyingine inayoizidi mara moja na nusu kwa urefu, upana na unene, kwa kuwa kila kilichosimamishwa kimehifadhi nishati inayongoja kuguswa tu.) Atlasi ikaporomoka kutoka mezani. Sufuria ikanyamaza.

Niliwaomba wasiguse kitu kabla ya kunisimulia safari waliyoikusudia. Mmoja akasema, "Atlasi ikaanguka, gololi ya pili ikaingia sufuriani." Binti yangu akamkatiza: "Umeruka! Atlasi ikaanguka, ikauvuta uzi, uzi uka..." Akakwama. Kitenzi hakikupatikana kwa sababu tendo lenyewe halikutendeka: uzi ulikuwa umelegea, nao haukukichomoa kizibo kilichoizuia gololi. Wakaukaza. Katika jaribio la saba sufuria ikalia, na majirani wakasikia.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kila mwaka hupokea vijana wanaoikariri minyambuliko kama kasuku: anguka, angusha, angushwa, angushana. Waulize ni lini kisanduku "kimeanguka" na ni lini "kimeangushwa", wengi watatafuta daftari. Watoto wale waligombana juu ya jambo hilo hilo, upepo ulipopenya dirishani na kuharibu safu yao, maana palikuwa na mtu wa kulaumiwa au asiye wa kulaumiwa. Na kiambishi -ka-, ambacho vitabuni ni mstari mmoja wa maelezo, kiliwadai waonyeshe kila tendo limetanguliwa na lipi.

Waama, tumekigawa Kiswahili vibaya. Kuanzia gredi ya nne sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na somo la Kiswahili huachiwa methali, barua na insha za mkasa. Mtoto hupata wapi nafasi ya kueleza kwa Kiswahili kwa nini kitu kimetokea? Naona mwalimu wa Kiswahili na yule wa sayansi wangeweza kuunganisha vipindi viwili kila muhula, wakakataza kitu chochote kinachonunuliwa, na wakatuza masimulizi pamoja na mtambo, hasa masimulizi ya mtambo uliokwama.

Nitaambiwa kwamba darasa lina wanafunzi 60. Naam, hayo ni makundi 10, na visanduku vitupu vya kiberiti havijaadimika Kenya. Moto usitumike kamwe, na gololi ziwekwe mbali na wadogo watiao kila kitu kinywani. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akija kuuliza ni za nini, na aitiwe mtoto mmoja amsimulie.